SOMO: Usafiri wa basi la shule, kuanzia ramani hadi kuhesabu watoto (Arusha na Moshi)

Wakubwa shikamoni, wengine habari za leo. Nasimamia usafiri wa wanafunzi katika shule binafsi hapa Arusha, mwaka wa 11 sasa. Kila Januari napigiwa simu na mtu anayefungua shule: "Nimepata Coaster safi, nianzie wapi?" Huwa namwambia ametanguliza gari. Aanze na watoto wanakokaa.

HATUA YA 1: Ramani
Chukua orodha ya wanafunzi, andika kila mmoja anakokaa kwa alama inayoeleweka. "Muriet" haitoshi, Muriet ni kubwa. Andika kanisa, kisima, duka la mbao, kisha weka alama kwenye ramani. Usiamini kilomita. Panda gari Jumatatu saa 12 kasoro robo asubuhi, pita ruti nzima ukiwa na saa mkononi, usimame dakika moja kila kituo. Sakina hadi Mianzini siku ya Jumapili na siku ya kazi ni njia mbili tofauti kabisa.

Kwetu mtoto wa kwanza kupanda hakai garini zaidi ya saa moja. Ikizidi, tunagawa ruti. Mtoto wa chekechea anayeamshwa saa 10 alfajiri analala darasani, na mzazi anaona tatizo ni mwalimu. Kama ruti yako ni ya mduara, jioni izungushe upande ule ule wa asubuhi, ili aliyepanda wa kwanza ashuke wa kwanza. Haikuongezei hata lita moja ya dizeli, lakini shule nyingi hazifanyi.

Kituo kiwe upande wa nyumbani kwa mtoto. Kwenye barabara kuu ya Moshi–Arusha, kuanzia Usa River hadi Ngulelo, malori yanapita kwa kasi. Ni afadhali gari ligeuze kuliko mtoto wa miaka sita avuke. Nimegombana na wakurugenzi kwa sababu ya hizo dakika 10 za kugeuza, na nitaendelea kugombana.

HATUA YA 2: Makorongo
Hapa naomba msome taratibu. Jiji letu liko chini ya Mlima Meru. Mvua inanyesha juu, huku chini jua linawaka, na korongo linajaa ghafla. Tarehe 12 Aprili 2024 basi la shule lilisombwa na maji hapa hapa Arusha, asubuhi, likiwa na watoto. Tulizika watoto.

Kwa hiyo andaa ruti mbili: ya kiangazi na ya masika. Ya masika haipiti kivuko chochote kisicho na daraja, hata kama inazunguka nusu saa zaidi. Wazazi waambiwe mapema, Februari, kwamba kuanzia Machi hadi Mei vituo fulani vinahamia barabara kubwa. Na dereva apewe barua yenye mhuri wa shule inayosema: ukikuta maji yanakatiza barabara, geuza, huhitaji ruhusa ya mtu. Bila barua hiyo atapiga simu ofisini, ofisini watamwambia "jaribu, mtihani unaanza saa 2", naye atajaribu.

HATUA YA 3: Dereva na wahudumu
Dereva awe na leseni ya daraja la gari analoendesha na mafunzo ya magari ya abiria. Uzoefu nao ni muhimu. India, baada ya basi la shule kutumbukia mto Yamuna jijini Delhi Novemba 1997 na watoto 28 kufa, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo iliagiza dereva wa basi la shule awe na uzoefu wa angalau miaka mitano wa magari makubwa. Sisi tulichukua kipimo hicho hicho.

Wahudumu tunao wawili kila gari, wa kike na wa kiume. Kazi yao ya kwanza ni kuhesabu: wanapopanda, wanaposhuka, na gari likishakuwa tupu. Hiyo ya tatu ndiyo inayorukwa. Mhudumu atembee hadi siti ya mwisho, ainame, aangalie chini ya viti, ndipo asaini daftari. Mtoto aliyelala siti ya nyuma haonekani kwenye kioo cha dereva, na gari lililofungwa vioo juani linageuka tanuri.

HATUA YA 4: Gari
Kwa ufupi. Leseni ya LATRA (mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini), bima, rangi ya njano. Njano hiyo ilichaguliwa Marekani mwaka 1939 kwa sababu inaonekana haraka alfajiri na jioni, kwa hiyo usiifunike kwa matangazo ya shule. Breki zikaguliwe kila wiki, tairi kipara lisivuke siku.

HATUA YA 5: Hesabu
Mfano, badilisha kwa bei za kwako. Mwaka una siku 194 za masomo. Gari likitembea km 60 kwa siku ni km 11,640. Likila lita moja kwa km 6, kwa sh 3,000 lita, dizeli ni sh 5,820,000. Mishahara ya watu watatu, sh 1,000,000 kwa mwezi kwa miezi yote 12 (likizo gari linalala, dereva bado anakula): 12,000,000. Sevisi na matairi 4,000,000. Bima na leseni 1,500,000. Akiba ya kununua gari lingine 6,000,000. Jumla 29,320,000. Gawa kwa watoto 25: sh 1,172,800 kwa mwaka, au 293,200 kwa kila awamu kati ya nne.

Ukigawa kwa watoto 40 inashuka hadi 733,000. Watoto watatu kwenye siti ya wawili huanzia kwenye karatasi hii, siyo barabarani. Mwenye shule akikataa bei halali, aweke magari machache na ruti fupi.

MASWALI

Mama Glory, Kiboriloni: Asante kwa somo. Jioni niko sokoni, huwa natuma bodaboda ampokee mwanangu kituoni. Mhudumu amekataa kumkabidhi. Yuko sahihi?

Jibu: Yuko sahihi, mama. Peleka shuleni majina na picha za watu wasiozidi watatu wanaoruhusiwa kumpokea. Asipokuwepo hata mmoja, mtoto anarudi na gari shuleni na wewe unapigiwa simu.

Mwalimu wa Tengeru: Mkuu, hatuna mtaji wa gari. Tukikodi Hiace ya mtu?

Jibu: Kodini, lakini mwalipe kwa mwezi. Mkimlipa kwa kichwa atajaza, mkimlipa kwa tripu atakimbia. Na mhudumu awe mwajiriwa wa shule.

Dereva, Soweto Moshi: Kaka, mimi nabeba wanafunzi. Nikimaliza ruti ya kwanza natakiwa nirudie ya pili, Uru, ndani ya dakika 40. Haiwezekani bila kukimbiza gari.

Jibu: Pole sana ndugu yangu. Andika muda wa kila kituo kwa wiki mbili, mpelekee mkuu wa shule kwa maandishi, ubaki na nakala. Watoto wa ruti ya pili waanze kipindi baadaye, au shule iongeze gari. Wewe usikimbize.

Mzazi, Njiro: Na safari za nje, kama mitihani ya kujipima na shule nyingine?

Jibu: Hizo naziogopa kuliko ruti za kila siku. Tarehe 6 Mei 2017 wanafunzi 32, walimu wawili na dereva walifariki Karatu, kwenye mteremko wa Rhotia, wakienda kufanya mtihani kama huo, na ilikuwa masika. Kwetu safari ya nje inapangwa siku kavu, watoto ni sawa na idadi ya siti, na dereva hapeleki wanafunzi kwenye mteremko ambao hajawahi kuupita. Anaupita kwanza gari likiwa tupu, kwenda na kurudi, siku moja kabla.