Rejeta imepasuka? Unaweza kubadilisha mwenyewe nyumbani, ila hewa itoe yote

Kubadilisha rejeta sio kazi ngumu kama wengi wanavyodhani, ukiwa na spana za kawaida, bisibisi, plaizi, beseni kubwa na nusu siku huna haraka ya kwenda popote, unaimaliza. Watu wanaharibia mwishoni, rejeta mpya ishafungwa, mtu anajaza maji, anawasha, anaondoka, kumbe ndani kuna hewa kibao. Nimeshaona injini imeunguza gasket ya silinda hedi (ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake) kwa staili hiyo, rejeta ina siku moja tu, na iliniuma kweli maana ni subira tu ndio ilikosekana.

Kabla hujanunua chochote hakikisha mbovu ni rejeta yenyewe. Nyingi za siku hizi katikati ni alumini na matanki ni plastiki, plastiki ikizeeka inapata ufa au inavuja pale ilipobanwa na alumini, utaona ukoko wa kulanti (maji ya kupozea injini) iliyokauka. Kama kinachovuja ni mpira wa kupitisha maji au klipu inayoubana, badilisha hicho tu. Na kama oili ya injini imekuwa kama chai ya maziwa, au maji yanatoa mapovu yasiyoisha injini ikiwaka, shuku gasket ya silinda hedi, hapo rejeta mpya haitakutibia kitu.

Sasa kazi. Injini iwe imepoa KABISA, masaa kadhaa, mfuniko wa rejeta uushike kwa mkono mtupu usisikie joto. Usijidanganye kwamba utafungua pole pole na kitambaa, yale maji yamebanwa kwa presha, yanaweza kupita nyuzi 100 bila kuchemka, ukiachia mfuniko yanachemka papo hapo na yanakurukia usoni. Halafu chomoa waya wa negativu wa betri, kwa sababu kwenye gari nyingine feni ya umeme inaweza kujiwasha hata ufunguo umeutoa, na vidole vyako viko pale pale.

Weka beseni chini, fungua plagi ya kumwagia iliyo chini ya rejeta, kama hakuna basi chomoa mpira wa chini. Pima umetoa lita ngapi, itakusaidia baadaye. Ile kulanti usiiache wazi wala usiimwage uani, nyingi zina ethilini glaikoli, ni tamu na ni sumu, mbwa au mtoto akiinywa inaweza kumuua. Funga kwenye dumu, andika juu.

Mipira ikiwa imegandia usiichokonoe na bisibisi, unaweza kuvunja mdomo wa upande wa injini na hapo umejiongezea kazi nyingine. Ishike na uizungushe kushoto kulia mpaka iachie, ikigoma ichane na kisu kwa urefu ununue mpya, tena mimi nashauri mipira ya zamani uibadilishe tu maana umeshafika hapo. Chomoa soketi ya feni, toa feni na kava lake, toa bolti za juu, inua rejeta moja kwa moja kwenda juu. Zile raba mbili za chini ambazo rejeta inazikalia usizipoteze. Ile rejeta nyingine nyembamba ya mbele ni ya AC, usifungue paipu zake hata moja, ina gesi yenye presha.

Gari nyingi za otomatiki zina paipu mbili za oili ya gia boksi zinazoingia kwenye rejeta, zifungue taratibu, ziba midomo uchafu usiingie, na mwisho wa kazi pima oili ya gia boksi uongeze iliyopungua. Ila kama ndani ya rejeta ya zamani umekuta uji uji wa rangi ya pinki, simama hapo hapo usiwashe gari, oili na maji vimechanganyika na gia boksi lazima isafishwe kwanza.

Weka rejeta mpya chini sambamba na ya zamani, linganisha unene, midomo ya mipira, matundu ya bolti, sehemu ya sensa. Kufunga ni kurudi ulikotoka, weka kipande cha kadibodi mbele ya vile vibati vyembamba visipinde, klipu ikae nyuma ya ule ukingo wa mdomo, na usikaze kwa hasira, plastiki inapasuka.

Kujaza: nusu kulanti nusu maji yasiyo na madini (distilled water, yale ya kuongezea betri, sio asidi), kama hujanunua iliyochanganywa tayari, na aina iwe ile iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, rangi isikudanganye. Mimina taratibu. Rudisha waya wa betri, mfuniko uache wazi, washa gari, hita weka kwenye joto la mwisho, pua ya gari ikiwa imeinuka kidogo ni vizuri zaidi. Mapovu yatatoka, maji yatashuka, ongeza. Minya minya mpira wa juu, tena vaa glavu. Kama gari ina skrubu ya kutolea hewa, ifungue mpaka yatoke maji matupu. Subiri themostati (kilango kinachofunguka maji yakipata moto) ifunguke, utajua kwa mpira wa juu kupata moto ghafla, feni iwake na kuzima, na hita itoe hewa ya moto. Hita ikitoa hewa baridi huku geji inapanda, zima, hewa bado imo, acha ipoe uanze tena.

Kesho yake asubuhi injini ikiwa baridi angalia kimo cha maji, kushuka kidogo ni kawaida, ongeza. Yakiendelea kushuka siku ya tatu chukua tochi ukague klipu moja moja, anza na ya mpira wa chini, ndio ngumu kuonekana.