Kabla ya kwenda Ghuba kutafuta pesa ya ploti

Muulize kijana wa Kenya aliyemaliza chuo na kuzungusha barua za kazi miaka mitatu bila jibu anakwenda Saudia kufanya nini. Mara nyingi jibu ni neno moja: ploti. Kandarasi ya miaka miwili, kipande cha ardhi, halafu polepole nyumba. Mpango wenyewe ni mzuri. Shida ni kwamba maandalizi huishia kwenye pasipoti na cheti cha tabia njema, na ya ardhi huwekwa kando hadi "nikishafika". Ukishafika, utakuwa unanunua kitu usichokiona, kwa macho na mikono ya watu wengine.

Ya wakala wa ajira nitayapitia haraka, maana yamesemwa sana. Hakikisha jina lake limo kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na uitafute orodha hiyo mwenyewe. Fremu iliyoning'inizwa ukutani kwake haitoshi. Akikwambia uingie kwa viza ya utalii kisha mambo yatarekebishwa huko, ondoka. Kandarasi za kazi za nyumbani Saudia hupitia Musaned, mfumo wa mtandaoni wa serikali ya huko, kwa hiyo omba nakala yako na uisome hadi mwisho. Mageuzi ya kazi ya Saudia ya Machi 2021, yaliyowaruhusu wafanyakazi wengi kuhama mwajiri bila idhini yake, yaliwaacha nje wafanyakazi wa nyumbani. Sahihi utakayotia hapa itakufunga kule.

Sasa hesabu. Riyali imefungwa kwa dola tangu 1986, riyali 3.75 kwa dola moja, kwa hiyo kinachopanda na kushuka ni shilingi yetu. Januari 2024 dola ilivuka shilingi 160. Katikati ya mwaka huohuo ilikuwa karibu 129. Mshahara wa riyali 1,000, ambao mwajiri hakuugusa, ulitoka takriban shilingi 43,000 ukawa kama 34,400. Panga kwa hiyo ya chini. Ukituma nusu nyumbani kwa karo, dawa na chakula, zinabaki 17,000 kwa mwezi, yaani 408,000 kwa miezi 24, na hapo hujaugua wala hujanunua vocha. Kiasi cha kutuma kisemwe mezani kabla hujaondoka, wazazi wakisikia. Kukisema kwa simu, huku mtu analia upande wa pili, ni kazi ngumu sana.

Laini ya simu je? Wengi humwachia dada au rafiki "aiweke hewani". Laini hiyo ndiyo inayopokea namba za siri za benki, za eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na za mfumo wa ardhi wa Ardhisasa. Umemwachia funguo zote. Ibebe, iwashie huko, na ufungue akaunti ya benki kwa jina lako kabla ya safari, PIN ya kodi ya KRA ikiwa tayari, kwa kuwa utaihitaji siku ya kuhamisha umiliki.

Kuhusu ndugu, naomba nisieleweke vibaya. Kaka anaweza kuwa mwaminifu kabisa na bado akakupoteza. Hati ya ardhi ikiandikwa jina lake "kwa sasa", kwenye sajili mwenye ardhi ni yeye. Akifa, akioa, akikopa benki, ni juu yako kwenda mahakamani kuthibitisha kwamba pesa ilikuwa yako, na ujumbe wa simu unaosema "nimetuma" hautaji ploti. Afadhali hati ya uwakili iliyoandikwa na wakili, itaje namba ya ardhi yenyewe, imruhusu kununua kwa jina lako na si kuuza wala kuweka rehani. Isajiliwe. Pesa ya ununuzi iende kwa wakili au kwa muuzaji kupitia benki, usiipitishe kwenye simu ya mtu.

Mpe huyo mwakilishi maswali ya kuuliza, usimtume tu "akaangalie kiwanja". Jina lililo kwenye hati ni la nani? Likiwa la baba aliyefariki na mirathi haijathibitishwa mahakamani, watoto hawana cha kukuuzia hata wakitia sahihi wote saba. Ardhi ilitoka wapi hapo mwanzo? Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya ploti ya ufuoni Nyali, Mombasa, ilikataa kumlinda mnunuzi kwa sababu ugawaji wa awali ulikuwa na kasoro. Hati mkononi haikumwokoa. Bikoni, yaani alama za mipaka, zinalingana na ramani? Hapo mlipe mpima, jirani hatoshi. Na kama unachouziwa ni cheti cha hisa cha kampuni ya ardhi, jua kwamba bado huna hati.

Shamba la kilimo linahitaji idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi, na maombi hupelekwa ndani ya miezi 6 tangu makubaliano. Ukichelewa, mauzo yanaweza kubatilika. Ongeza ushuru wa stempu, asilimia 2 mashambani na 4 mjini, pamoja na wakili na mpima. Ndiyo maana mwenye 408,000 asitafute ploti ya 408,000.

Ukishanunua, mtu atalima hapo. Mjomba, jirani, yeyote. Kenya ardhi tupu haikai tupu. Mruhusu, lakini kwa karatasi: jina lake, namba ya ardhi, kwamba analima kwa ruhusa yako, na tarehe, msaini wote wawili, karatasi irudiwe kila mwaka. Sheria humpa anayekalia ardhi ya mwingine miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa, nafasi ya kuidai, na miaka 12 ni kandarasi 6 tu za Saudia.