Ukipanda Jukwaani Nairobi kwa Mara ya Kwanza

Fika mapema, ujiandikishe kabla orodha ya washairi haijajaa, kisha uwasikilize wenzako hadi mwisho. Anayesoma shairi lake na kutoroka, mimi simpendi.

Pima shairi kwa saa ukilighani kwa sauti, si kimoyomoyo. Slam, mashindano ya kughani mashairi aliyoyaanzisha mshairi Marc Smith kule Chicago miaka ya 1980, kwa kawaida humpa mshairi dakika 3. Wewe lenga 2 na nusu, maana makofi na vicheko hula muda.

Maiki ikae upana wa ngumi kutoka mdomoni. Usiikumbatie kichwani kwa kiganja, itapiga mluzi.

Sheng ikikujia, iache itoke. Na ukishautamka mstari mzito, nyamaza kidogo: watu wakiguswa hupiga vidole, wape nafasi.