Kabla ya kubeba hema mvuke mpaka wa Busia kutafuta kazi

Mume wangu nami tulitoka Kisumu tukiwa na hema moja la kulala njiani na majina ya waajiri tuliotaka kuwaona Kampala na Kigali. Mkiwa na nia kama yetu, hema si la kununua kwanza. Kaeni chini jioni moja mjibizane: mmoja wetu akipata kazi na mwenzake akakosa, itakuwaje? Anabaki kumsubiri, au anarudi nyumbani? Miezi mingapi? Sisi tuliandika kwenye daftari, pamoja na kiwango cha pesa ambacho tukikifikia tunageuza. Nauli ya kurudi tuliiweka kwenye laini ya simu ya mama mkwe, tusiweze kuigusa kwa njaa ya siku moja.

Kisha karatasi. Hapa ndipo wenzetu wengi hukwama, basi msiharakishe. Kitambulisho kinatosha kuvuka kutoka Kenya hadi Uganda na Rwanda, lakini anayetafuta kazi abebe pasipoti, kwani kibali cha kazi huombwa kwa hiyo. Raia wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusiwa kukaa kama mgeni hadi miezi 6. Kutafuta kazi katika muda huo ni sawa, ila kuanza kazi kabla ya kibali ni kosa, hata mwajiri akiwaambia msijali.

Dada zangu, angalieni majina. Pasipoti yangu ina jina la mume, vyeti vya shule vina jina la baba. Bila hati ya kiapo ya wakili inayosema ni mtu mmoja, kila ofisi itakuuliza upya. Na kama mlioana kimila tu, ng'ombe waliopelekwa kwenu hawaonekani kwenye faili ya uhamiaji. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa ya kimila nayo isajiliwe, na bila cheti ni vigumu mno mwenye kazi kumwombea mwenzake kibali cha mtegemezi. Cheti cha maadili mema cha polisi kiombeni mapema kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Ada ni shilingi 1,050, na lazima mkachukuliwe alama za vidole. Chanjo ya homa ya manjano pia: cheti chake huanza kukubalika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa jioni ya safari hakusaidii.

Hema lijaribuni nyumbani kwanza. Sisi tulilala nalo msitu wa Kakamega, Buyangu, ambako mvua ya alasiri ni jambo la kawaida. Usiku maji yalipenya kwenye mshono wa pembeni, polepole, tone baada ya tone, moja kwa moja juu ya bahasha ya vyeti. Asubuhi muhuri wa bluu kwenye nakala ya diploma ya mume wangu ulikuwa umesambaa kama wino uliomwagikiwa chai. Ilikuwa nakala, tunashukuru Mungu. Tangu siku hiyo vyeti halisi vinakaa ndani ya ndoo ndogo ya mfuniko wa kubana, na tulipaka mishono nta. Msivipeleke vyeti kufunikwa na plastiki ya moto: ofisi nyingi hukataa kupiga muhuri wa uthibitisho juu yake.

Sisi wa ziwani hudharau baridi. Kisumu iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, Kabale, mji wa Uganda karibu na mpaka wa Rwanda, inakaribia 2,000, na usiku wake hutafuna mifupa. Blanketi mbili nzito, si shuka. Usiku wa kuamkia usaili, msilale hemani. Tafuteni gesti yenye maji na pasi, hata kama mtakula ndizi na chai siku mbili kufidia. Shati lililokunjwa begini wiki nzima hunuka moshi, na mwenye kulivaa hasikii tena harufu hiyo.

Mifuko ya plastiki iacheni kabla ya mpaka wa Rwanda. Imepigwa marufuku huko tangu 2008. Fungeni nguo kwa vitambaa.

Na saa! Rwanda iko nyuma ya Kenya kwa saa moja. Tukiwa huko, mwajiri wa Nairobi alimwahidi mume wangu simu ya saa nne asubuhi. Iliita saa yetu ikisema saa tatu, yeye yuko kwenye bafu la kambi, sabuni kichwani, na simu iko kwangu. Niliipokea nikaomba dakika tano. Walikubali, lakini sauti ya mume wangu ilitetemeka mazungumzo yote. Kila miadi andikeni saa za nchi zote mbili.

Kigali pikipiki hubeba abiria mmoja tu, naye lazima avae kofia ngumu. Mtapanda mbili, na moja itatangulia. Kila mmoja awe na anwani mkononi, simu yenye chaji, na faranga zake mwenyewe. Jumamosi ya mwisho ya mwezi msipange safari asubuhi: ni Umuganda, watu wako kwenye kazi za jamii na usafiri hutulia hadi karibu saa tano.