Mgonjwa mmoja, kadi mbili: tunavyosaidiana wodini

Huu ni mwaka wangu wa 11 wodi ya wanaume, na bado anayenitoa jasho ni mgonjwa mwenye VVU na kifua kikuu kwa pamoja. Ana kadi ya CTC (kliniki ya huduma na tiba ya VVU) huku, kadi ya TB kule, na kila kliniki inamwona ni wa kwake.

Anza na dawa. Mwambie ndugu yake alete mfuko wote kutoka nyumbani, umwage mezani, mhesabu pamoja na mfamasia. Rifampisini, dawa ya TB, hupunguza mwilini dolutegravir, dawa ya VVU, ndiyo maana mtu mzima hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Niliwahi kukuta dozi ya jioni imerukwa siku nne: daktari aliandika, mfamasia akatoa, mimi sikunakili kwenye chati. Kosa langu.

Kwenye raundi usinyamaze. Sema: "Daktari, usiku homa ilifika 38.9, chakula kakataa, makohozi hayajaenda maabara." Ukisema tu "hakulala vizuri" utajibiwa "sawa sista", wahamie kitanda kinachofuata.

Maabara wapigie, usingoje karatasi. Majibu ya simu yarudie kwa sauti huku ukiandika.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwite kabla mgonjwa hajaruhusiwa kwenda nyumbani. Yeye ndiye anayejua kama chumba anachorudi mgonjwa kina dirisha, na wanalala wangapi humo.