Zoom moja, mitingi mbili saa ileile

Jamani wale mnaoshea paswedi moja ya Zoom ofisi nzima, hii inawahusu. Kupanga mitingi tano zote saa nne asubuhi utapanga tu, haikukatazi, kazi iko kwenye kuanzisha. Kwa leseni ya Pro, ile ya kulipia ya chini, hosti mmoja, yaani mwenye kufungua mitingi, anaendesha mitingi moja kwa wakati mmoja, ukitaka kufungua ya pili inakuuliza kwanza uifunge ile inayoendelea, na mtu mwenye haraka anabonyeza ndiyo bila hata kusoma. Sisi yalitukuta, dada wa mafunzo kaingia afungue kipindi chake kumbe bosi yuko katikati ya bajeti na wageni, pap, wote nje. Simu zilizopigwa siku ile wee acha tu.

Sasa ujue leseni inakaa kwa mtu, yaani kwenye imeili yake, sio kwa kampuni. Ongezeni leseni ya pili kwenye imeili nyingine ndani ya akaunti hiyohiyo, na ile ya webina (semina ya mtandaoni yenye watazamaji), ambayo inalipiwa pembeni, mpeni huyo wa pili ili asigongane na bosi. Leseni ya juu zaidi, Business, inaruhusu hosti mmoja mitingi mbili sambamba lakini ni ghali kidogo kwa ofisi ya watu wanne.

Na kama ni watu walewale mnataka tu kujigawa vikundi, wala usinunue kitu, fungua vile vyumba vidogo (breakout rooms) ndani ya mitingi moja. Hata Zoom ya bure inavyo, ila dakika 40 zikiisha inawakata.