Kupima karai la kugonga kwa nyundo: umbo limekaaje na shiti imekonda wapi

Ukipita Kamukunji pale Nairobi utasikia nyundo tu, mafundi wa jua kali wanagonga makarai na masufuria bila moldi yoyote, ni nyundo, gogo lenye shimo na macho basi. Macho ya fundi mzoefu siwezi kuyabishia, lakini yanaona umbo, unene hayaoni, na karai linaweza kuwa duara safi kabisa huku mahali fulani limebaki kama karatasi. Ndo maana lazima upime vitu viwili, umbo na vile shiti imevutika.

Anza kabla hujagonga hata mara moja. Chukua venia, kile kipimo cha taya mbili, upime unene wa shiti sehemu kadhaa za ukingoni, usitegemee ulichoambiwa dukani, geji 16 wanakuuzia kama milimita 1.5 lakini wewe pima tu. Halafu chora viduara vya kipenyo cha milimita 10, safu moja kutoka katikati hadi ukingoni, na safu nyingine upande mwingine ili ulinganishe. Chora upande ambao nyundo haitagusa. Maka peni inafutika, sana sana ukija kupasha moto, kwa hiyo kwaruza na kompasi ya chuma, ila mkwaruzo uwe mwepesi kweli kweli maana ukichimba ndani ufa utaanzia hapo hapo.

Gonga raundi ya kwanza kisha simama. Viduara vimegeuka mayai, sindio? Sasa pima kila yai mara mbili, upande mrefu na upande mfupi. Chuma hakijaenda popote, kikitanuka kwa eneo lazima kikonde kwa unene, hesabu yenyewe ni hii: unene wa mwanzo mara 10 mara 10, gawanya kwa mrefu mara mfupi. Tuseme yai limekuwa 12 kwa 11, hio ni 132, basi 1.5 mara 100 gawanya kwa 132 unapata kama 1.14. Yaani karibu robo ya unene imeenda na kwa macho hukuona kitu! Mimi nikifika hapo naacha kugonga hio sehemu, naenda pembeni yake.

Ukingoni mambo ni kinyume. Kule shiti inabanwa kwa mzunguko, unaweza kukuta yai la 9 kwa 10.5, piga hesabu ileile utapata karibu 1.59, imenenepa. Hio ni sawa, lakini ikizidi kubanwa inakunja mikunjo, na mkunjo ukiupiga ukalala juu ya mwenzake huo hautoki tena, ni kukata. Kwa hiyo ukiona wimbi dogo linaanza, ligonge taratibu kabla ya kuendelea na kina.

Kitu kingine cha kusikiliza ni mlio. Chuma kikigongwa baridi kinakuwa kigumu, nyundo inaanza kuruka na kulia kwa sauti ya juu, na viduara havibadiliki tena hata ukipiga kwa nguvu. Hapo usilazimishe, pasha mpaka kiwe chekundu kisha kiache kipoe chenyewe. Kama ni alumini usisubiri wekundu maana inayeyuka kabla hujauona, paka sabuni ya kipande juu yake, sabuni ikigeuka nyeusi toa moto.

Sasa umbo. Weka rula iliyonyooka juu ya mdomo wa karai, pima upana na kina cha katikati. Ukitaka kujua ni duara la ukubwa gani: nusu ya upana mara yenyewe, jumlisha kina mara chenyewe, gawanya kwa kina mara mbili. Karai la upana 300 na kina 60 linatoa 22500 jumlisha 3600, gawanya kwa 120, ni milimita 217.5, na hio ni nusu kipenyo, yaani kutoka katikati ya duara hadi ukingo wake. Kata kadibodi yenye mviringo huo, iingize ndani ukitazama mwanga kwa nyuma, izungushe pande zote. Mwanga ukipita chini katikati, pale pameenda chini sana, ukipita pembeni ujue kadibodi imekalia katikati, basi katikati ndo bado panahitaji nyundo kidogo.

Vipimo vya mwisho vichukue baada ya kukata ukingo, si kabla. Kugonga kunaacha mvutano ndani ya chuma na ukishakata ule mdomo karai linaweza kujipinda lenyewe hata kama lilikuwa limekaa poa. Lipindue juu ya kioo au meza iliyonyooka, libonyeze pande zote, likicheza angalia ni pembe zipi zimegusa, hizo ndo utazishusha na faili au kwa kugonga polepole, kisha rudisha kadibodi uangalie tena maana kugusa mdomo kunaweza kuharibu tumbo.